Utabiri wa tabianchi: nani hapa Unguja na Pemba bado anauamini?

#1 Mtoto wa Kikwajuni
Assalaam alaykum.

Leo tuseme kweli. Tangu niko skuli ya msingi nnasikia visiwa vyetu vitamezwa na bahari. Theluji ya Kilimanjaro tuliambiwa ingekwisha baina ya 2015 na 2020; juzi jamaa yangu kapanda, kanitumia picha, barafu ile pale. Aprili 2021 tukatangaziwa kimbunga Jobo, wengine tukavuta ngarawa juu, kimbunga chenyewe kikafia baharini. Na kila msimu "mvua za wastani hadi juu ya wastani", wakati mpunga wa mjomba wangu kule Cheju ukitaka kukauka unakauka, ukitaka kuoza unaoza, haujasoma karatasi ya mtu.

Sisemi hakuna mabadiliko. Joto nnaliona mwenyewe. Suali langu: hawa wanaotupa habari za mwaka 2100 tuwaamini kwa lipi, ikiwa za wiki ijayo zinawashinda? Karibuni, ila matusi wekeni pembeni.

#2 Kahawa Chungu
Nimekaa barazani, kashata ninayo. Endeleeni.

#3 Nahodha wa Mkokotoni
Za wiki ijayo haziwashindi kama unavyosema. Upepo skuizi wanaupatia. Zamani tulitazama wingu la alfajiri na kuusikiliza upepo wa matlai, na wakati wa tanga mbili, pepo zikibadilishana, ukitoka ni bahati yako, maana upepo hauna mwenyewe. Sasa hapa dikoni kwetu kuna kibao cheusi. Kijana wa kamati anaandika kwa chaki kila asubuhi, upepo kilomita ngapi, mawimbi mita ngapi, na ikifika "kilomita 40 kwa saa, mita 2" anapiga mstari chini yake mara mbili. Wavuvi wanapita, wanajifanya hawakutazama. Halafu unaona madau yamebaki pale pale yalipofungwa.

Mvua ndiyo bado. Hapo niko nawe.

#4 Binti Fuoni
Mtoto wa Kikwajuni, umetia vitu vitatu kwenye bandiko moja: hali ya hewa ya kesho kutwa, utabiri wa msimu, na tabianchi ya miaka mingi. Kila kimoja kina hesabu zake.

Kuhusu Kilimanjaro, ile tarehe ilitoka kwa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake, kwenye jarida la Science mwaka 2002. Walianzia ramani ya 1912, wakakuta kama asilimia 80 ya eneo la barafu imeshapotea, wakasema kama mwendo ungebaki ule ule, iliyobaki ingekwisha 2015 hadi 2020. Barafu imeendelea kupungua, ila si kwa mwendo ule. Na huo ni utafiti mmoja, si kauli ya wataalamu wote wa dunia.

#5 Mtoto wa Kikwajuni
Dada yangu, hilo "kama" mbona sisi halikutufikia? Redioni tulisikia "itakwisha". Nukta.

#6 Mpemba wa Mtambile
#5 umepiga penyewe. Hilo "kama" hushuka bandarini Malindi, hapo mjini Unguja, boti ya Pemba halipandi.

Mie nna karafuu. Ukishazichambua ukatoa makonyo, zinataka jua la mfululizo. Zikirowa zinapoteza rangi na daraja linashuka. Msimu mmoja simu ikanambia "mvua katika maeneo machache". Haya, nikatandaza majamvi. Hayo maeneo machache yakawa uani kwangu. Tukakimbia kukunja, mke wangu, watoto, hata mgeni aliyekuja kutoa mkono wa pole kwa jirani akashika ncha ya jamvi. Ng'ambo ya bonde hawakupata tone. Sasa niambieni, utabiri ule ulikuwa kweli au uongo?

#7 Kahawa Chungu
Ng'ambo ya bonde ulikuwa kweli.

#8 Msikilizaji wa Darsa
Ndugu zangu, kuteremka mvua ni katika mambo ambayo ilmu yake iko kwa Mwenyezi Mungu. Tazameni mwisho wa Surat Luqman, aya ya 34. Binaadamu akikupa tarehe ya kuzama kisiwa, muache aseme, wewe ujipitie zako.

#9 Mwalimu wa Chwaka
Sheikh, aya tunaijua na tunaiamini. Lakini kuna ghaibu na kuna kusoma alama. Anayesema kwa yakini kesho saa nne inanyesha, huyo kavuka mpaka. Anayesema upepo umegeuka, wingu limejaa, huenda ikanyesha, kasoma alama. Na hawa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nao huandika "inatarajiwa". Jadweli ya maji kupwa na kujaa tunaitundika ukutani na hakuna aliyeiita ghaibu.

#10 Nahodha wa Mkokotoni
Mwalimu, bamvua, maji yakijaa sana, na maji mafu, yakijaa kidogo, usiyatie humo. Hayo yanakwenda na mwezi, hayakosi. Mvua haina mwezi wa kuitii.

#11 Binti Fuoni
Nahodha kasema kweli, na pia ndipo lilipo jibu la suali la #1. Watu hudhani ukishindwa na ya karibu, ya mbali huyawezi kabisa. Bei ya mkungu wa ndizi Darajani Jumanne ijayo hakuna anayeijua. Kuwa Ramadhani itapanda, kila mtu anajua. Makadirio ya tabianchi ni ya namna hii ya pili. Hayasemi itanyesha siku gani. Yanasema hewa ikibeba kaboni kiasi hiki, joto litapanda baina ya hapa na hapa.

#12 Kahawa Chungu
Ramadhani yenyewe tunaanza siku mbili mbali mbali kwa kugombania mwezi, tutakubaliana kuhusu 2100?

#13 Mwalimu wa Chwaka
Hahaha, huko usitupeleke, uzi utafungwa.

#14 Hesabu Kavu
Nimechelewa. Watabiri hawa walishakaguliwa. Mwishoni mwa 2019 Zeke Hausfather na wenzake walichukua makadirio 17 ya joto la dunia yaliyotolewa baina ya 1970 na 2007, wakayaweka kando ya vipimo. Kumi yalilingana na kilichotokea. Ukiingiza kiasi halisi cha gesi kilichotoka viwandani na kwenye magari, maana hicho hakuna mtaalamu wa hewa awezaye kukijua mapema, yanafika 14. Ripoti ya kwanza ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, 1990, ilikadiria joto lipande kama nyuzi 0.3 kila miaka kumi. Limepanda kama 0.2. Walizidisha. Ila walisema litapanda na limepanda.

Kwa joto la dunia, basi, mie nawaamini. Kwa mvua za kwetu, hapana, na nna sababu. Modeli nyingi, hesabu za kompyuta za hali ya hewa, zinasema masika ya Afrika Mashariki yataongezeka. Vipimo vya tangu miaka ya 1980 vikaonesha yanapungua. Wataalamu wenyewe wanabishana: wengine wanasema ni joto la bahari linalopanda na kushuka kwa mizunguko ya miaka mingi, wengine wanasema modeli ndizo zenye kasoro.

Kisha kuna miraba. Modeli ya dunia huigawa ardhi na bahari katika miraba ya kilomita kama 100 kila upande. Unguja yote kutoka kaskazini hadi kusini ni kama kilomita 85. Nungwi na Makunduchi, msitu wa Jozani na bahari ya Chumbe, vyote vimo kwenye mraba mmoja vimepewa mvua moja. Aliyeishi Unguja hata mwezi mmoja anajua Bububu inanyesha na Mwanakwerekwe kukavu.

#15 Mtoto wa Kikwajuni
Kwa hiyo modeli haijui kama Pemba ipo?

#16 Mpemba wa Mtambile
Katika hilo modeli haiko peke yake.

#17 Mjukuu wa Panza
Mnabishana juu ya utabiri, wengine tumeshaachana nao. Kisiwa Panza bibi yangu alikuwa na kiraba cha mpunga karibu na mikoko. Maji ya chumvi yameingia. Ukienda kiangazi juu pamekuwa peupe, ukikanyaga unasikia ukoko unavunjika chini ya ndara. Bamvua kubwa, maji yanavuka yanakaa, yakiondoka yanaacha chumvi nyengine. Anayetaka ushahidi aje Mkoani, avuke, atazame.

#18 Mkosoaji wa Pwani
Pole kwa bibi. Ila sababu ni nini? Bahari ya dunia imepanda kama sentimita 20 baina ya 1901 na 2018, na miaka ya karibuni ni milimita 3.7 hivi kwa mwaka. Milimita hizo hazili shamba. Mikoko ikikatwa kwa kuni na tanuri za chokaa, mchanga ukichotwa usiku kwa gari, mwenye hoteli akajenga ukuta na wimbi likageukia kwa jirani, hapo ndipo bahari inapoingia. Na mjue kipimo cha maji cha bandari ya Unguja kilichoanza miaka ya 1980, miaka yake ya mwanzo kilionesha bahari inashuka. Hilo hamtaambiwa semina.

#19 Hesabu Kavu
Ilishuka, kisha ikapanda; umetuletea nusu. Miaka ishirini kwa bahari yetu ni michache, pepo za msimu zenyewe zinayasogeza maji. Na milimita 3.7 hazigongi mlango moja moja. Zinakaa chini, halafu inakuja siku ya bamvua na kusi inavuma juu yake, tofauti yote unaiona siku hiyo.

#20 Mjukuu wa Panza
Mikoko ilikatwa, sikatai, na tumepanda tena. Lakini aliyeikata alikuwa anachemsha chai. Hao wa gesi walikuwa wanachemsha nini?

#21 Mkaazi wa Bondeni
Mie siamini, na wataalamu hawana kosa. Wanaowatumia ndio walioniharibia. Mtaa wetu ukijaa maji, kiongozi anakuja na mabuti ya mpira, anasimama mbele ya kamera, "haya ni mabadiliko ya tabianchi". Mtaro nyuma yake umejaa chupa za plastiki na nusu ya godoro, na lile bonde maji yalikokuwa yanatulia limejengwa nyumba kwa vibali. Ikiwa tabianchi ndiyo iliyotoa vibali, basi.

#22 Mtumishi Mstaafu
Ongezeni na miradi. Shehia yetu tuliambiwa tutunze msitu, hewa ukaa itauzwa nje, fedha zitaingia. Tukaacha kukata, tukaweka walinzi, wakaja vijana na tepu kuipima miti kifuani. Mradi ukafika mwisho. Fedha mpaka leo tunazisubiri. Ukija sasa na makaratasi ya 2050, wazee wanakutazama usoni kwanza, wahakikishe si wewe uliyekuja mara ile.

#23 Mkosoaji wa Pwani
#22 nilitaka kulisema nikaogopa. Mimi nilikaa semina mbili za "uhimilivu". Watu waliuliza posho inatoka saa ngapi, la pili wakauliza chakula.

#24 Binti Fuoni
Na huko barafu ya nguzo za dunia inayayuka na posho au bila posho. Mradi kuwa mbovu na hesabu kuwa mbovu ni mambo mbali mbali.

#25 Mtumishi Mstaafu
Kwako wewe mwanangu uliyeziona hesabu. Mwanakijiji hajaona hesabu, kaona mradi.

#26 Mama Mwani Jambiani
Nawashukuru kwa elimu. Mie naweka langu. Mwani ulianza kulimwa huku 1989, na ile aina ya cottonii ilikuwa ikiota kwenye maji ya magotini. Ikaanza kupauka. Ukiishika imelainika, unavuta, inakatikia mkononi na kamba inabaki tupu. Ikabaki aina ya spinosum, ambayo bei yake ni ndogo. Wataalamu wakaja, wakasema maji ya ukingoni yamepata moto, cottonii ipelekwe kwenye kina. Nimewaamini, tena kabisa, moto wa maji naujua kwa miguu yangu. Kwenye kina kunataka mashua na kunataka kuogelea. Mashua sina na kuogelea sijui. Utabiri nimeuamini, haya, ntafika vipi?

#27 Mtoto wa Kikwajuni
Shikamoo mama. Sina jibu.

#28 Kusi Kali
Turudi kwenye vimbunga maana Jobo ndiyo iliyonimaliza. Zanzibar haina vimbunga wala haijawahi. Labda kile cha kale kilichopiga Pemba, na hicho nacho nnaona ni hadithi.

#29 Mwalimu wa Chwaka
Si hadithi na hakikupiga Pemba. Ni Aprili 1872, kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilisalimika, ndiyo maana baada ya hapo uzito wa karafuu ukahamia huko mpaka leo.

#30 Mpemba wa Mtambile
Kumbe nnadaiwa na upepo.

#31 Nahodha wa Mkokotoni
Kusi Kali, sisi tuko nyuzi kama 6 kusini ya Ikweta, karibu mno kwa vimbunga kupata nguvu za kuzunguka, ndiyo maana ni nadra. Nadra si kamwe. Kenneth, Aprili 2019, Mtwara walijiandaa, ikaingia Msumbiji ikavunja vunja. Hidaya, usiku wa Mei 3 kuamkia Mei 4 mwaka 2024, imeingia Mafia. Mafia na Kizimkazi si mbali kwa chombo. Hapo boti zilisimamishwa na watu wakasema tunatishwa tena.

Mie nnakumbuka Julai 2012, boti ya MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe, kusi imechachamaa. Tangu siku hiyo onyo likizidi kiasi nawasamehe.

#32 Muuza Tungule
Nahodha nakuheshimu, ila wewe hulali Malindi na matenga. Safari zimesitishwa, bahari imelala kama mkeka, tungule zinatoa maji chini ya turubai. Siku tatu hizo nilizihesabu kwa hasara, na hakuna ofisi iliyoniuliza. Mtu akiniambia onyo halina gharama, hajawahi kuuza kitu kinachooza.

#33 Hesabu Kavu
Nirudi kwenye lile la "juu ya wastani" la #1, limeachwa. Utabiri wa msimu hugawa mvua mafungu matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Bila kujua lolote, kila fungu lina nafasi moja kwa tatu. Mtabiri akikupa asilimia 45 kwa fungu la juu, keshaona kitu, lakini bado ni zaidi ya nusu kuwa haitakuwa juu. Sasa hiyo 45 ikifika kwenye taarifa ya habari inakuwa "mvua kubwa zinakuja".

Mfano 2015. El Niño ya mwaka ule, yaani joto la Bahari ya Pasifiki kupanda, ilikuwa kubwa, ikashindanishwa na ya 1997, na watu wakangoja mafuriko ya 1997. Hayakuja kwa kiasi kile, kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu haikuchemka kama 1997. Halafu 2019 El Niño haikuwa ya kutajwa, Bahari ya Hindi ikachemka, vuli ikatumwagikia. Vuli ya 2023 vyote viwili vikaja pamoja, walionya, na ilinyesha kweli.

#34 Kusi Kali
Kwa hiyo wakisema El Niño nitazame bahari ipi?

#35 Hesabu Kavu
Zote mbili.

#36 Kusi Kali
Mie mwenzenu nna bati moja tu la kuziba.

#37 Mzee wa Makunduchi
Vijana, mnahangaika na Marekani. Wazee walisema kilimia, zile nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Na tuna mwaka wetu, tunaukoga kila Julai, tunauhesabu kumi kumi, kila kumi na kazi yake: hili la kusafisha konde, hili la kutia mbegu. Babu zetu walikula kwa hesabu hiyo.

#38 Kahawa Chungu
Shikamoo mzee. Hilo la kilimia lazima liwe kweli, jua au mvua kimoja kitakuwepo.

#39 Mzee wa Makunduchi
Marahaba. Wewe kunywa kahawa.

#40 Hesabu Kavu
Shikamoo mzee. Huo mwaka mnaoukoga, mwaka wa Nairuzi, ni siku 365 bila ya kuongeza siku kila mwaka wa nne. Unateleza siku moja kila miaka minne, kama siku 25 kwa miaka mia. Kumi la kupanda la babu yako na kumi lako la leo, kwa jua, si wakati mmoja, hata tabianchi ingesimama tuli. Labda baadhi ya malalamiko ya "masika yamehama" ni hesabu ndiyo iliyohama.

#41 Mwalimu wa Chwaka
Hapo nna shaka. Wakulima hawakufuata hesabu peke yake. Walitazama kilimia, upepo, mwembe kutoa maua, na hesabu ikisogea waliisogeza. Anayelalamika leo kwamba masika yamehama anasema kuanzia utoto wake mpaka leo, miaka hamsini, hiyo ni kama siku 12 tu za kuteleza kwako. Wanaosema mwezi mzima utawajibu nini?

#42 Hesabu Kavu
Ntawaomba tarehe walizoziandika. Kumbukumbu ya mtu ya mvua nayo ni modeli.

#43 Mzee wa Makunduchi
Tarehe zipo. Baba alikuwa akiandika mvua ya kwanza ya masika kila mwaka, kwa hati ya Kiarabu, pambizoni mwa daftari la mkopo wa duka.

#44 Hesabu Kavu
Mzee! Miaka mingapi? Piga picha kurasa zote uziweke hapa, mie ntazisoma na gharama ya simu ni juu yangu.

#45 Binti Fuoni
Nipo na mimi. Hata nusu yake ikisomeka.

#46 Mzee wa Makunduchi
Daftari lipo kwa mdogo wangu, na mie na yeye hatusemezani tangu kugawana shamba.

#47 Mpemba wa Mtambile
Basi masika ya Makunduchi yamekwama mahakama ya kadhi.

#48 Mwalimu wa Chwaka
Mzee, mdogo wako si yule mwenye duka karibu na msikiti? Nakuja Ijumaa, ntampitia.